Jengo la Biashara na Neno "Ukarabati": Uhakiki wa Fondaco la Wajerumani huko Venice

Miongoni mwa maneno yaliyoenea mno katika Kiswahili cha magazeti na cha maofisi ni neno "ukarabati". Barabara hukarabatiwa, na mabomba, na meli, na msikiti wa kale, na nyumba ya mfanyabiashara aliyekufa miaka mia iliyopita. Na msikilizaji hapewi ishara yoyote ya kumjulisha ni kazi ya namna gani iliyofanywa. Bati lililovuja likizibwa, ni ukarabati. Kuta nne zikiachwa zisimame, na yote yaliyokuwamo ndani yakabomolewa na kutupwa, ni ukarabati vile vile. Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na neno lenyewe, ambalo lina kazi yake halali. Lililo baya ni kwamba neno moja limeachiwa kazi ya maneno matano au sita, na kwa ajili hiyo uhakiki wa majengo katika lugha yetu umekosa ulimi. Mtu hawezi kusifu wala kulaumu kazi asiyoweza kuitaja.

Uhakiki katika kurasa kama hizi hushughulika zaidi na tenzi, mashairi na riwaya. Walakini jengo nalo ni kazi ya mikono na akili za watu, hupokewa na kizazi kimoja kutoka kwa kingine, huongezwa na kupunguzwa, na huweza kuharibiwa na mtu mwenye nia njema kabisa. Ili kuyapima maneno yetu nimechagua jengo moja la biashara lililoko mbali na pwani yetu, yaani Fondaco dei Tedeschi, fondaco la Wajerumani, katika mji wa Venice nchini Italia. Nimelichagua kwa sababu historia yake yajulikana karibu karne kwa karne, na kwa sababu matumizi ya kisasa ambayo lilitengenezewa yalianza mwaka 2016 yakaisha mwaka 2025. Tunayo basi nafasi isiyopatikana mara nyingi, ya kuitazama kazi ya namna hii tangu mwanzo hata mwisho wake. Aghalabu jengo hukaguliwa siku ya kukatwa utepe, rangi ikiwa bado mbichi, na hakuna arudiye kulitazama tena.

Tuanze na jina. Neno "fondaco" Waitalia walilipata kutoka Kiarabu "funduq", na Waarabu walilipata kutoka Kiyunani "pandokeion", maana yake mahali papokeapo wote. Katika bandari za Kiislamu za Bahari ya Kati funduq lilikuwa jumba la kupokelea wafanyabiashara wageni: chini maghala, juu vyumba vya kulala, katikati behewa, na lango la kufungwa usiku. Watu wa Venice, ambao wao wenyewe walikaa katika majumba ya namna hiyo huko Alexandria, waliichukua desturi pamoja na neno lake. Wala neno hilo halikusafiri peke yake. "Dogana", maana yake forodha, limetokana na "diwan", ambalo kwetu ni diwani. "Magazzino", maana yake ghala, lina mzizi mmoja na hazina yetu. Na "tariffa", orodha ya ushuru, ni ndugu wa taarifa. Msomaji wa Kiswahili akipita katika msamiati wa biashara wa Venice ni kama mtu aliyeingia nyumba ya jamaa ambao hajapata kuonana nao. Kiswahili kwa upande wake kilipokea forodha, duka na dalali, lakini funduq halikupata kuzoeleka kwetu; na katika Kiarabu cha leo neno hilo lina maana ya hoteli. Hilo la mwisho tutalihitaji tutakapofika Unguja.

Fondaco la Wajerumani limetajwa katika hati tangu mwaka 1228. Liko ukingoni mwa Mfereji Mkuu, ubavuni pa daraja la Rialto, mahali palipokuwa moyo wa soko la mji. Sheria zake zilikuwa kali. Mfanyabiashara wa Kijerumani aliyefika Venice hakuruhusiwa kupanga penginepo. Ilimpasa kulala humo, kuweka mali yake humo, na kuuza na kununua humo, kwa mkono wa dalali aliyewekwa na serikali na mbele ya maofisa walioandika kila mzigo ili ushuru usipotee. Usiku lango lilifungwa. Jina lilisema mahali papokeapo wote, na kweli palipokea. Lakini palikuwa pia mahali pa kuwazuia wageni wasichanganyike na mji zaidi ya kiasi kilichotakiwa na hazina ya Jamhuri. Fedha na shaba zilishuka kutoka kaskazini. Pilipili manga, tangawizi, pamba na hariri zilipanda kwenda huko.

Mwaka 1505 jengo liliungua. Mwaka huo huo Francisco de Almeida aliondoka Lisbon na kundi la merikebu kwenda Bara Hindi, akaiteka Kilwa mwezi wa Julai na kuiteketeza Mombasa mwezi wa Agosti. Merikebu tatu katika kundi hilo ziligharimiwa na wafanyabiashara wa kigeni, wakiwamo matajiri wa Augsburg na Nuremberg, na habari za kutekwa kwa miji yetu hiyo miwili tunazipata kwa sehemu kutoka kwa Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo safarini. Jamaa ya Fugger wa Augsburg, waliokuwa na nafasi yao katika fondaco, walikuwa miongoni mwa waliotoa fedha. Sitaji jambo hili kwa kutaka kulitia jengo la watu hatiani. Nalitaja kwa sababu laonyesha hali halisi ya biashara iliyolijaza: wakati Jamhuri ya Venice ilipokuwa ikiwajengea Wajerumani nyumba mpya kwa gharama yake, baadhi ya Wajerumani hao walikuwa wamekwisha kuweka mtaji katika njia ya bahari ambayo ingeipita Venice kando. Jengo lilianza maisha yake mapya likiwa tayari na mpangaji anayetazama mlango wa nje.

Hata hivyo lilijengwa upesi na vizuri. Mchoro ulikuwa wa mtu aliyejulikana kwa jina la Girolamo Tedesco, na kazi ikasimamiwa na Giorgio Spavento, kisha Antonio Abbondi aliyeitwa Scarpagnino. Kufikia mwaka 1508 lilikuwa limekwisha: jumba la ghorofa kadhaa lililozunguka behewa la mraba, lenye varanda za matao juu ya varanda za matao, na upande wa mfereji lango ambapo mashua ziliteremsha mizigo. Mawe ya mapambo yalikuwa machache, na badala yake kuta za nje zikachorwa kwa rangi juu ya lipu mbichi na wachoraji wawili, Giorgione na kijana Titian. Hewa ya chumvi ikaila michoro hiyo polepole. Vipande vichache vilivyosalia vilibanduliwa na kupelekwa katika majumba ya makumbusho, na uso wa jengo ukabaki mtupu, kama unavyoonekana hata leo.

Yaliyofuata yaweza kusemwa kwa maneno machache. Jamhuri ilianguka mwaka 1797; chini ya utawala wa Napoleon wafanyabiashara walitolewa na fondaco likawa forodha; katika karne ya 20 likawa posta kuu ya mji, na katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya ndani ikabomolewa na kujengwa tena kwa zege lenye nondo, ingawa umbo la varanda na behewa lilifuatwa. Kwa hiyo mgeni anayesimama katika behewa na kustaajabia karne ya 16, kwa sehemu kubwa anastaajabia zege la posta.

Sasa na tuulize swali ambalo neno "ukarabati" hulificha. Mtu akiambiwa alirudishe jengo hili katika hali yake ya asili, atalirudisha wapi? Kwenye fondaco la 1228, ambalo hakuna ajuaye lilivyokuwa? Kwenye lile la 1508, lenye michoro iliyokwisha kuliwa na chumvi? Kwenye forodha ya Napoleon, au kwenye posta? Jumba la mfalme au kaburi la walii huweza kuwa na siku moja iliyo kuu kuliko siku zake nyingine, na mtengenezaji akaichagua siku hiyo bila aibu kubwa. Jengo la biashara halina siku hiyo. Maisha yake ni kupokea mpangaji baada ya mpangaji, na kila mpangaji hutoboa mlango hapa na kuziba dirisha pale. Asili yake ni huko kubadilika.

Mji huo huo una mfano wa kuonya. Ukiufuata Mfereji Mkuu utafika kwenye fondaco la Waturuki, jumba la karne ya 13 lililopewa wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniyya mwaka 1621, nao wakakaa humo hata mwaka 1838. Lilichakaa sana. Katika miaka ya 1860 likatengenezwa chini ya Federico Berchet kwa fikra ya kulirudisha katika umbo lake la kwanza: mawe mapya yakabandikwa, minara ikainuliwa pembeni, na alama za ukaaji wa Waturuki zikatoweka. Leo ni makumbusho ya viumbe. Watazamaji wengi hudhani wanaiona Venice ya kale, kumbe wanaiona karne ya 19 ilivyoiwazia Venice ya kale. Na karne mbili na zaidi za Waturuki, ambazo ndizo zilizolipa jumba jina lake, hazisomeki ukutani. John Ruskin, aliyelijua jumba hilo likiwa gofu, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1849 kwamba kazi ya kurudisha majengo ya kale ni uongo. Alizidisha, kama ilivyokuwa tabia yake. Lakini mtu akisimama mbele ya fondaco la Waturuki ataona alikokuwa akielekea.

Wataalamu waliokutana Venice mwaka 1964 na kutunga mkataba uitwao kwa jina la mji huo walichukua njia yenye utulivu zaidi. Mkataba wataka mchango wa kila zama uheshimiwe. Wakataa kwamba lengo liwe kulipa jengo mtindo mmoja. Wataka kinachoongezwa leo kijulikane kuwa ni cha leo. Na wakubali, tena wapendekeza, kwamba jengo lipewe matumizi yenye manufaa kwa jamii, maadam hayabadilishi mpango wake. Wenzetu wanaohariri hati za tenzi wataitambua kanuni hii bila kufundishwa. Mhariri anayejaza ubeti uliotoboka na mchwa bila kuweka alama amemdanganya msomaji, hata kama neno alilolijaza ni zuri. Fondaco la Waturuki ni hati iliyojazwa bila alama.

Kwa mizani hiyo na tulitazame fondaco la Wajerumani. Mwaka 2008 posta ililiuza kwa Edizione, kampuni ya jamaa ya Benetton, na mwaka uliofuata kazi ya michoro ikapewa ofisi ya OMA ya Rotterdam, ambayo mwanzilishi wake mashuhuri ni Rem Koolhaas. Michoro ya kwanza ilipingwa vikali, hasa na chama cha Italia Nostra, kwa sababu ya ngazi za umeme na ya kulikata paa ili kuweka sitaha. Ikarekebishwa, ikakubaliwa, na tarehe 1 Oktoba 2016 jengo likafunguliwa kuwa duka kubwa la bidhaa za anasa, mpangaji akiwa DFS, kampuni yenye makao yake Hong Kong.

Kama kazi ya kuhariri, naiona nzuri kuliko walivyokubali wapinzani wake. Wachoraji hawakuigiza mwaka 1508. Walipotoboa kuta ili kupitisha njia mpya hawakulificha jeraha kwa lipu, bali waliliacha wazi, hata tofali la kale na zege la karne iliyopita huonekana yakiwa yameshikana. Wengine wangeliona zege hilo kuwa aibu ya kufunikwa; wao walikiri kwamba posta nayo ilikuwa sura moja katika kitabu. Vyumba vya pembeni vyenye thamani vilihifadhiwa. Ngazi za umeme zilivikwa rangi nyekundu iliyokoza, ili asiwepo wa kuzidhani kuwa za Scarpagnino. Juu ya behewa iliwekwa sakafu ya chuma na kioo, na juu ya paa sitaha ya mbao ambako mtu huona mapaa ya mji wote na bahari nyuma yake. Mambo haya yote yanasema waziwazi kwamba ni ya karne ya 21. Mwenye kuyachukia na ayachukie kwa jinsi yalivyo. Hawezi kusema amedanganywa.

Walakini ngazi zile zina kosa ambalo si la rangi. Ngazi ya umeme ni chombo cha duka. Hupandisha watu wengi bila kuwachosha, ili wapite mbele ya bidhaa zilizoko ghorofa ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla hawajafika walikotaka. Zege la miaka ya 1930, pamoja na ubaya wake wote, liliweza kubeba posta, kisha likabeba duka, na laweza kubeba chuo au ofisi ya mashua. Njia iliyotobolewa kwa ajili ya ngazi za umeme inamngoja mwenye duka peke yake. Mpangaji alikaa pungufu ya miaka tisa, na tundu alilotobolewa litakaa miaka mia. Hapa ndipo mahali ambapo mpango wa jengo uligeuzwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyepita. Na ajabu ni kwamba kelele za wakati ule zilihusu zaidi jinsi ngazi zitakavyoonekana kuliko zitakachomwachia anayefuata.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, wala halihusu jiwe. Lahusu mlango. Katika karne zote za fondaco mwenyeji wa kawaida wa Venice hakuwa na shughuli humo, isipokuwa alikuwa dalali, mchukuzi au ofisa. Kadhalika wakati wa forodha. Ni posta iliyoufungua mlango: humo mama alinunua stempu, mzee akapokea pensheni, kijana akatuma kifurushi kwa ndugu yake aliyehamia ng'ambo. Posta haikuwa na uzuri wowote, na waliolitengeneza jengo hawakuona haja ya kuisikitikia. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka mia saba jina la pandokeion lilikuwa kweli. Jengo lilipouzwa na matumizi yake yakabadilishwa kwa idhini ya wakuu wa mji kutoka ya umma kuwa ya biashara, wenyeji walitolewa. Wageni wakarudi kama zamani, safari hii wakiwa wanunuzi wa mikoba na saa za bei kubwa. Idadi ya wakazi wa mji wa kale wa Venice, ambayo mwaka 1951 ilikuwa karibu watu 175,000, ilishuka chini ya 50,000 mwaka 2022. Sisemi kwamba duka moja liliwahamisha. Nasema kwamba kulifanya jengo kubwa la Rialto kuwa duka la wapitao njia kulikuwa ni kukubali kuhama kwao kama jambo lililokwisha.

Ni kweli waliwekewa sitaha. Kupanda juu kulikuwa bure kwa mtu yeyote, na hilo lilikuwa sharti jema. Lakini baada ya muda ilimpasa mtu kuandikisha nafasi kabla, na alipofika juu alipewa kama robo saa. Maofisa wa Jamhuri waliokuwa wakihesabu mizigo langoni wangeufahamu utaratibu huo mara moja.

Watakuja watu wa hesabu waniambie kwamba nani angelipa? Jengo la ukubwa ule, lililosimama ndani ya maji ya chumvi, lala fedha kila mwaka, na posta isingeweza kulitunza. Kama asingalitokea tajiri mwenye duka, labda leo tungekuwa tukililia gofu. Hoja hii ina nguvu, wala siwezi kuiondoa kwa hasira. Biashara ndiyo iliyolijenga fondaco, na hakuna ubaya wa biashara kulitunza. Lakini matokeo hayakumsaidia sana mwenye hoja. Novemba 2024 mpangaji alitangaza kwamba ataondoka, mwaka 2025 duka likafungwa, na wafanyakazi zaidi ya 200 wakakabiliwa na kupoteza kazi. Biashara ya anasa iliyotegemea wasafiri wa mbali, hasa wa Asia, ilikuwa imepigwa na maradhi ya mwaka 2020 na haikurudi kama ilivyotarajiwa. Mpangaji mmoja mwenye fedha nyingi aliyekalia nyumba nzima si salama kuliko wapangaji kumi wadogo. Jamhuri ya Venice, ambayo haikuwa na huruma nyingi, iliyajua haya: iligawa vyumba vya fondaco kwa nyumba nyingi za biashara, wala haikumkabidhi Fugger funguo zote.

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kwa nini habari hii inatuhusu. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejaa nyumba za wafanyabiashara, na nyingi katika zile zilizotengenezwa zimekuwa hoteli. Zimekuwa funduq kwa maana ya Kiarabu cha leo. Nje ya hoteli ipo mifano mingine. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyepata kuisimamia forodha ya Sultani, alianzisha mwaka 1887 jengo la hisani lililokusudiwa kuwa hospitali. Alifariki kabla ya kulimaliza, likaisha mwaka 1894, na kwa miaka mingi sehemu yake ilitumika kama zahanati. Katika miaka ya 1990 lilitengenezwa na Aga Khan Trust for Culture kwa uangalifu mkubwa wa seremala na wachongaji, hata roshani zake za mbao zikawa fundisho kwa mafundi wengine. Kazi hiyo iliitwa ukarabati. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ikiendelea, na watu wawili wakafa. Kazi hiyo nayo iliitwa ukarabati. Nyumba za biashara zinazobaki na uso wa nje tu, huku behewa likigeuzwa ukumbi wa mapokezi na varanda zikizibwa ili kuongeza vyumba vya choo, nazo zaitwa zimekarabatiwa. Kama lugha haitofautishi mambo haya, tusiwalaumu sana wenye nyumba kwa kutoyatofautisha.

Maneno tunayo, tena ya zamani. "Kuhifadhi" tunalitumia kwa mtoto aliyeiweka Kurani kifuani bila kupunguza herufi. Basi lisitumiwe kwa jengo lililogeuzwa mpango wake. "Kutengeneza" ni kukifanya kitu kitengenee, na neno hili halidai lolote juu ya zamani. Kwa kazi nyingi za kila siku latosha, na ni la unyenyekevu kuliko ukarabati. "Kurudisha", kwa kuwa ni kukifanya kitu kirudi, lahitaji mahali pa kurudia. Anayesema jengo limerudishwa katika hali yake ataje ni hali ya mwaka gani, na kama hawezi, asilitumie neno hilo. Berchet asingeweza kujibu bila kuona haya. "Kufufua" ladai kwamba kulikuwa na maiti. Nalo hutumiwa sana na watu waliowakuta wapangaji hai ndani ya nyumba, wakawatoa ili waifufue. "Kugeuza matumizi" ni neno la ofisi, lakini ni la kweli, na lingefaa kuandikwa wazi katika ubao unaowekwa mbele ya kazi.

Limebaki moja ambalo nalionea uchungu. Kwa sheria za unyambuaji wetu, "kuendeleza" ni kukifanya kitu kiendelee. Hakuna neno bora kwa jengo la biashara, ambalo uhai wake ni kupokewa na mpangaji mwingine bila kumfungia atakayekuja baada yake. Lakini katika lugha ya viwanja na vibali neno hili limepata maana nyingine: anayekiendeleza kiwanja chenye nyumba ya kale ni yule anayeibomoa nyumba na kujenga nyingine. Watunga kamusi hawawezi kuizuia maana hiyo, kwa kuwa watu wanaitumia, nao kazi yao ni kuandika yanayosemwa. Wanaweza hata hivyo kuiweka ya pili, na katika nafasi ya kwanza wakaiandika ile ya asili pamoja na mfano wa nyumba, ili karani wa mipango miji anapolifungua jalada la ghala la zamani aione kabla hajafika kwenye ile nyingine.